Kuvu Iliyompeleka Ghati Ukweni

Ghati Mwikwabe wa Nyanungu alikuwa na mdomo ambao hata kanisa lilikuwa limeshauzoea. Mchungaji akirefusha mahubiri, Ghati alikohoa kikohozi ambacho kila mtu alijua si cha mafua, na mchungaji akaelewa kwamba wakati wa sadaka umefika. Alimzika mumewe akiwa bado na nguvu za kulima. Mungu alimpa mabinti watupu, na wote walikuwa wameolewa, mmoja wao, Happy, akaolewa ng'ambo ya mpaka huko Isebania, Kenya. Ghati akabaki na nyumba, ng'ombe, na shamba la mteremko lisilo na mrithi.

Basi akafanya wanachofanya wanawake wa Kikurya wakifikwa na jambo kama hilo: alitoa ng'ombe, akaoa mke. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoita. Mke anakuja kuishi na mama mwenye mji, watoto anaozaa wanakuwa wa mji ule na wanabeba jina la marehemu, na habari za nani kawazaa hazimhusu mtu mwenye adabu.

"Nimekuwa na waume wawili," Ghati alipenda kusema. "Wa kwanza ni marehemu. Wa pili ni mimi mwenyewe, na mimi ndiye niliyefanya kazi."

Mke mwenyewe aliitwa Elieth, binti wa Daudi wa Machochwe, kule Serengeti kwenye ukingo wa hifadhi, ambako watu hulima mahindi ili tembo wapate cha kula. Elieth alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alikuwa mkimya, na ukikosea mbele yake hasemi kitu, anakutazama tu mpaka ujisahihishe. Alikuja na mtoto wa kike mgongoni, akajifungua wa pili hapo hapo Nyanungu. Ghati aliwapenda wale watoto hadharani, lakini Elieth mwenyewe Ghati alimpenda kwa siri.

Shida ya mji ule ilikuwa shamba. Kila mwaka lilipigwa plau, ng'ombe wakaingia kula mabua, yaliyobaki yakachomwa moto, halafu ikamwagwa mbolea ya dukani, DAP, na mwaka uliofuata vivyo hivyo. Udongo ukachoka. Mahindi yalipofika magotini majani yalianza kugeuka zambarau kwenye kingo. Mihogo ukiing'oa ilitoka myembamba kama vidole vya mgonjwa. Ghati alimlaumu muuza mbegu. Kisha alimlaumu jirani yake Tomaso, ambaye ng'ombe wake hawakuheshimu ua. Kisha akailaumu serikali, kwa kuwa ilikuwa mbali na isingemjibu.

Siku moja mradi mmoja wa kilimo ukaita wakulima wachache waende semina Tarime mjini. Zamu ilikuwa ya mji wa Ghati, lakini kwenye semina iliyopita alikuwa amemwambia mtaalamu mbele ya watu kwamba viatu vyake havijawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe. Kwa hiyo taarifa ilikuja na ombi dogo kwamba safari hii aje yule mke wake kijana.

Elieth akaenda. Aliporudi alikuwa amebeba mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeleta nini? Sukari?"

"Kuvu," alisema Elieth.

Ghati alikuwa anapepeta wimbi. Aliweka ungo chini.

"Kuvu."

"Ndiyo mama. Ya kuweka shambani."

"Elieth. Mwaka jana walikuja hapa na kipaza sauti wakatuambia mahindi yenye kuvu yana sumu, tusile, tusiuze, tusiwape hata kuku. Mimi mwenyewe nimepambana na fangasi wa vidoleni tangu siku niliyonunua mabuti ya plastiki. Nimepaka dawa, nimepaka mafuta ya taa, nimepaka kitu ambacho sitakitaja. Leo unakwenda mjini, unalala kwenye kitanda cha gesti, unakula wali wa watu, halafu zawadi unayoniletea ni kuvu?"

Elieth akakaa kwenye kigoda, akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na kitu kama mchanga uliochanganywa na vipande vya mizizi mikavu. Ghati alisogeza pua, akashangaa kwamba hakikunuka.

"Hii siyo ile ya ghalani, mama, wala siyo ya miguuni. Hii inaishi ardhini na mimea. Yule mtafiti, anaitwa Vivian Akello, ni Mjaluo wa Shirati, alitukatia mzizi wa mtama, akautia rangi ya buluu, akatuonyesha kwenye hadubini. Nimeona kwa macho yangu. Ndani ya mzizi mna nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui. Zinatokeza nje, zinaenda mbali huko ambako mzizi wenyewe haufiki, zinaleta maji, na zinaleta kile chakula ambacho mahindi yakikikosa yanakuwa zambarau."

"Bure?"

"Siyo bure. Mmea unazipa sukari."

"Kwa hiyo inaingia kwenye nyumba ya mtu, inakaa humo, inakula sukari yake, halafu inatumwa maji." Ghati alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kandambili. "Huyo ni mkamwana."

Elieth alijaribu kutocheka, akashindwa. Hapo ndipo Ghati alipokubali, ingawa hakusema kwamba amekubali. Alisema tu kwamba kama ni lazima shamba liharibiwe, basi liharibiwe kile kipande cha juu chenye kokoto, ambapo hata magugu yaliota kwa kusitasita.

Elieth akatoa masharti. Kipande kile kisipigwe plau, maana plau inakata zile nyuzi. Mabua yasichomwe, yatandazwe juu ya udongo. Katikati ya mahindi ipandwe kunde. Na DAP isiguswe, labda kidogo sana, kwa sababu mmea ukishiba mbolea hiyo haunyooshi mkono tena. Unaiacha kuvu na njaa yake, nayo inapungua.

"Kwa nini umlishe mtumishi usiye na kazi naye," alisema Ghati. "Hapo nimekuelewa. Ni roho mbaya, lakini nimeielewa."

Habari ilisambaa haraka. Kufikia siku ya ibada, Nyanungu yote ilijua kwamba wale wanawake wawili wanapanda ugonjwa. Mtu mmoja alirudisha kibaba cha unga alichoazima kwao, akasema amekuta hakihitaji. Ndipo Ezra, mzee wa kanisa, alipofika nyumbani kwao akiwa na Biblia kwapani na sura ya mtu aliyetumwa na wengine.

"Mama Ghati, tumesikia mnaweka fangasi ardhini kwa makusudi."

"Mmesikia vizuri."

"Sasa kama watu wa imani tumejiuliza, hiyo haitaenea? Ardhi ya kwako imepakana na ya kwangu."

"Ezra," Ghati alisema, "mwaka mzima unakuja madhabahuni na kandambili na soksi. Kanisa lote linajua kwa nini. Fangasi wako wamewahi kuvuka wakaenda kwa mtu mwingine?"

Mzee Ezra alirudisha miguu yake chini ya benchi. Elieth akaingilia haraka, akamwandalia chai, akamweleza taratibu yale aliyomweleza Ghati. Ezra alisikiliza kwa makini. Mwishoni akauliza kama anaruhusiwa kuuombea ule mfuko.

"Omba," alisema Ghati. "Lakini usiufungue."

Akaomba. Aliomba muda mrefu, akataja mpaka wadudu waharibifu na vijana wanaokunywa gongo, na Ghati akakohoa.

Mvua za masika zilipoanza Elieth alipanda. Kila shimo aliweka kiasi kidogo cha ile kuvu chini, akafukia udongo mwepesi, akaweka mbegu juu yake ili mzizi ukishuka ukutane nayo. Hakuimaliza. Nusu ya mfuko aliiweka kwenye pembe ya ghala, akisubiri kupanda vitunguu.

Ghati hakuwa mtu wa kuamini jambo, lakini alikuwa mtu wa kuliwahi, lisije likawa la kweli akaachwa nyuma. Bustani yake ya kabichi ilikuwa karibu na kisima. Kabichi ndiyo iliyompeleka soko la Sirari, na soko la Sirari ndilo lililompa heshima. Siku Elieth alipompeleka mtoto kliniki, Ghati aliuchukua ule mfuko, akaumwagia kabichi zake wote. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kukosea na bado jua lilikuwa juu, akachukua DAP aliyokuwa ameificha chini ya kitanda, akapanda hadi kile kipande cha kokoto, akaiweka kiganja kwa kiganja kwenye nusu ya mistari ya Elieth. Moyoni alijiambia kwamba anasaidia.

Wiki zikapita. Kabichi zikawa kabichi. Hazikuwa kubwa kuliko za mwaka jana wala ndogo. Ghati alizitembelea kila asubuhi, akainama, akapima kwa mikono, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo furaha ilivyompanda, furaha ya mtu aliyegundua kwamba msomi amekosea. Mchana mmoja, ugali ukiwa unasongwa, alishindwa kuvumilia.

"Kuvu yako ni ya uongo!" alisema. "Semina nzima ya uongo! Nimeimwaga kwenye kabichi, na kabichi hazijasogea hata…"

Elieth alikuwa ameacha kusonga.

"Umeimwaga wapi?"

"Kwenye kabichi."

"Yote?"

Ghati aliangalia mlango.

"Mama, kabichi haipokei kuvu hiyo. Kabichi, sukuma wiki, figili, jamii yote ile inaikataa. Ndiyo kitu cha kwanza tulichofundishwa. Ningekuambia."

"Basi ungeniambia!"

"Ungeniuliza!"

Elieth alitoka, akaenda ghalani, kisha akapanda mteremko kukagua mistari yake. Kule juu aliikuta chenga ya DAP iliyomwagika karibu na shina, ya kijivu, haijayeyuka vizuri. Aliporudi alipita jikoni bila kuugusa mwiko. Ugali uliungua sufuriani. Asubuhi yake alifunga nguo, akamweka mdogo mgongoni, akamshika mkubwa mkono, akapanda pikipiki hadi barabara kuu, na kutoka hapo akaenda kwao Machochwe.

Ghati aliwaambia majirani kwamba mkewe ameenda kusalimia. Hakuna aliyeamini, maana mtu anayekwenda kusalimia haondoki na sufuria yake.

Kisha mvua ikakata. Haikuwa ajabu, inakata karibu kila mwaka wakati mahindi yakikaribia kutoa mbelewele, lakini safari hii ilichelewa kurudi. Jua liliwaka. Nyumba ilikuwa kimya mno, na Ghati, ambaye hakuwa na wa kumtukana, alianza kutembea shambani mchana ili apate angalau cha kukitazama.

Huko chini, kwenye sehemu iliyopigwa plau, mahindi yalikuwa yamekunja majani yote kama miavuli. Akapanda juu. Mistari aliyoiwekea DAP ilikuwa imerefuka kuliko yote shambani, ya kijani iliyokolea, ya kujivunia. Nayo ilikuwa imesinyaa vibaya. Lakini ile mistari mingine, ile ambayo hakuigusa, ilikuwa imesimama. Ilikuwa mifupi kidogo, na majani yake yalikuwa yameanza tu kujikunja kwenye ncha, lakini hayakuwa na zambarau, na udongo chini ya mabua yaliyotandazwa, alipoingiza kidole, ulikuwa bado na ubaridi.

Alirudi kesho yake saa hizo hizo akitumaini yatakuwa yamenyauka. Hayakuwa. Akakaa chini katikati ya kunde na kokoto, akasema kwa sauti neno ambalo haliandikiki. Wenzake waliokuwa shamba la jirani walidhani ameumwa na nyoka.

Kwenda kumrudisha mke ukweni ni kazi ya mume. Ghati alilijua hilo, na hakutaka kutuma mtu. Alipiga mswaki, akavaa gauni la kanisani, na juu yake akavaa koti la marehemu lenye mabega mapana, kwa sababu alikuwa anaenda kama mume. Alivuka Mto Mara, akapitia Mugumu, akafika Machochwe jioni jua likiwa bado lipo, koti limejaa vumbi mpaka rangi haijulikani.

Alimkuta Daudi anaangalia mahindi yaliyokanyagwa na tembo. Wakasalimiana kwa heshima ya wakwe, wakaulizana ng'ombe, wakaulizana mvua. Daudi akawaita ndugu zake wawili, wakakaa mbele ya nyumba. Ghati alipewa kiti cha pembeni, si kile cha wageni wa heshima. Elieth akaitwa.

"Eleza," alisema Daudi. "Mkwe wetu huyu amekupiga?"

"Hapana, baba."

"Amekunyima chakula?"

"Hapana. Chakula ananipa, pamoja na matusi yake."

"Amekufukuza?"

"Hapana."

"Sasa kakufanya nini?"

"Aliiba kuvu yangu."

Wazee wakatazamana. Mdogo wa Daudi, ambaye masikio yake yalikuwa yametangulia kustaafu, akainama mbele.

"Aliiba kuku?"

"Kuvu, baba mdogo."

"Kuku wangapi?"

"Siyo kuku! Kuvu! Fangasi!"

"Kuiba kuku wa mkeo ni aibu," yule mzee alimwambia Ghati kwa uchungu wa kweli. "Mwanamke kuku wake ni wake."

Ilichukua muda kumtuliza. Elieth akaeleza mambo ya mfuko, na kabichi, na DAP, na kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso za wazee zilivyozidi kuonyesha kwamba wao walikuja tayari kwa kesi ya fimbo, siyo ya udongo. Mwisho Daudi akamgeukia Ghati. Sisi tunaomjua tungetegemea hapo amtukane kila mtu, kuanzia tembo. Hakufanya hivyo.

"Mkwe," alisema, "mimi nimelima tangu nikiwa na meno yote. Nimepita pale juu wakati huu wa jua. Mahindi yangu yamekunja. Yale niliyoyawekea mbolea kwa wizi yalirefuka, nikayasifia, na ndiyo ya kwanza kusinyaa. Ile mistari ya huyu, ambayo sikuishika, imesimama. Nilikasirika. Nikageuka nitafute wa kumkasirikia, nikakuta nyumba haina mtu."

Akakung'uta vumbi kwenye koti la marehemu.

"Hilo tu. Watoto wanakula?"

"Wanakula," alisema Elieth. Alikuwa anatazama chini, anachora kwa kidole cha mguu.

Wazee wakasogea kando, wakashauriana. Uamuzi wao ulikuwa kwamba Elieth arudi kama atapenda, na aseme mwenyewe anataka nini. Elieth alitaka mambo mawili: mbolea yoyote iwekwe chumbani kwake, na kuvu iliyoibiwa ilipwe kwa kuzalishwa upya, na atakayeizalisha awe Ghati. Mdogo wa Daudi akaongeza kwamba pia alipe kuku. Walijaribu kumweleza tena, akakataa katakata. Ghati alilipa kuku. Alimpa yule mzee mkononi, jogoo mwekundu aliyemnunua pale pale kwa jirani, na mzee akaridhika kwamba haki imetendeka.

Kuzalisha kuvu siyo kazi ngumu, ila inataka mtu asiye na haraka, na Ghati alikuwa na haraka tangu azaliwe. Walichukua udongo wenye vipande vya mizizi kutoka kwenye ile mistari iliyosimama, wakauchanganya na mchanga wa mtoni waliokuwa wameupika kwenye pipa ili kuua magonjwa, wakaujaza kwenye ndoo kuukuu na madumu yaliyokatwa, wakapanda mtama humo. Mtama ulipaswa kuachwa na njaa kidogo: hakuna samadi, hakuna mbolea, maji tu, ili uitafute kuvu na kuilisha.

Ghati alizimwagilia zile ndoo kila asubuhi akizisema vibaya. "Kunyweni, wavivu nyie. Mmenivalisha koti." Lakini mtama ulipoanza kutoa masuke tulimwona akihamisha ndoo kutoka juani kwenda kivulini na kuzirudisha, kama mtu mwenye vifaranga.

Baada ya miezi kama minne Elieth akasema maji yakome.

"Yakome vipi?"

"Tunauacha mtama ukauke. Kuvu ikiona mwenyeji wake anakufa, inatengeneza mbegu zake nyingi na kuzificha kwenye udongo. Hizo mbegu ndizo tunazotaka. Kisha tunakatakata mizizi, tunachanganya."

"Nimelea kitu miezi minne, halafu nikiue kwa kiu?"

"Ndiyo mama."

"Nyie wa semina mna roho ngumu."

Mtama ukakauka, isipokuwa ndoo moja nyuma ya choo iliyoendelea kuwa ya kijani bila maelezo. Elieth aliiona, akaiacha.

Wakati huo mahindi yalikuwa yameshavunwa. Haikuwa miujiza, na nasema hivi kwa sababu kuna watu Nyanungu wanaosimulia kana kwamba mabunzi yalitoka makubwa kama mapaja. Kipande cha kokoto, ambacho miaka yote kilikuwa cha mwisho, mwaka ule kilitoa vizuri kuliko sehemu kubwa ya shamba, basi. Vivian Akello alipokuja kutembelea alisema wazi kwamba sehemu ya sifa ni ya kunde, na nyingine ni ya yale mabua yaliyozuia unyevu usikimbie, na kwamba yeye hawezi kugawa sifa kabla hajatazama mizizi.

Alikuwa amekuja na hadubini yake kwenye sanduku. Aliiweka mezani nje, akageuza kioo chake kielekee jua, akaweka uzi wa mzizi uliotiwa rangi. Majirani wakapanga mstari, na Tomaso akiwemo, ingawa walikuwa hawasemeshani kwa ajili ya ng'ombe. Ghati alisukuma watu, akainama, akafumba jicho moja, akagundua amefumba lile la kutazamia, akabadilisha.

Alikaa pale muda mrefu. Watu walianza kulalamika.

"Kumbe imejaa," alisema.

"Nini, mama?" aliuliza Vivian.

"Huu mzizi. Nilidhani ni mzizi. Humu ndani wanaishi watu."

Vivian akacheka, akamwonyesha zile nyuzi za buluu, na vile vifundo vidogo ambamo mmea na kuvu wanabadilishana, mmoja akitoa sukari na mwingine akitoa alichokileta. Ghati alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo Elieth hakuwahi kuliona. Mwisho akauliza swali moja tu, kama Vivian ameolewa, kwa kuwa bado alikuwa na ng'ombe.

Msimu wa vuli waliacha kupiga plau nusu ya shamba. Kazi ikawa kuyalinda mabua, maana kwetu mabua baada ya mavuno ni ya ng'ombe wa kila mtu, na Tomaso aliona kuzuiwa kama tusi. Walizozana hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wakakubaliana nusu ya mabua iende kwa ng'ombe na nusu ibaki shambani, na kila mmoja akaondoka akiamini kwamba ameibiwa. Ezra alikuja na kopo, akaomba kuvu ya vitunguu. Alipewa. Vitunguu vyake vilikubali, na alitoa ushuhuda kanisani bila kutaja ni kitu gani hasa alichopewa.

Happy aliposikia, alitaka na yeye. Elieth alimwambia Ghati mapema, "Mama, udongo hauvushwi mpaka bila kibali. Magonjwa ya mimea yanasafiri humo." Ghati akasema amesikia. Kesho yake alikuwa mpakani Sirari na ndoo iliyofunikwa kitenge.

Afisa wa ukaguzi, kijana mpole, alimwamkia, kisha akamuuliza amebeba nini.

"Kuvu," alisema Ghati, kwa kuwa hakuona sababu ya kudanganya.

Kijana alirudi nyuma hatua nzima. Walimweka kwenye benchi, wakamweleza sheria, wakaichukua ndoo. Kitenge walimrudishia. Alifika nyumbani amenuna, na Elieth alicheka mpaka akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

"Kwani ulikuwa unampelekea nini?" alimwambia baadaye akifuta machozi. "Kila udongo una kuvu yake iliyouzoea. Happy achukue kwenye majani ya porini yaliyo karibu na shamba lake, mahali pasipolimwa. Apande mtama, azalishe ya kwake. Mpigie simu."

Ghati akapiga, huku akipaza sauti kana kwamba ndiyo inayovusha maneno mpaka Kenya.

"Happy! Sikiliza. Chukua udongo chini ya majani ya porini, kwenye mizizi!"

"Mum, hiyo mchanga nitoe pande gani ya shamba?"

"Siyo mchanga! Udongo!"

"Si ndiyo nasema, mchanga."

"Mchanga ni wa mtoni! Huo unaupika kwenye pipa!"

"Nipike mchanga ya shamba?"

"Ya mtoni!"

"Mum, hapa tukisema mchanga ni hiyo ya kupanda. Sasa nipike gani?"

Ghati aliitazama simu, akamtazama Elieth aliyekuwa mlangoni na mtoto kiunoni, akaitazama tena simu.

"Zungumza na mke wangu," alisema, akampa.